Mtoto anakesha usiku, mchana analala fofofo: namna ya kumsaidia saa yake ya mwili ikae sawa

Wengi wetu mtoto akiwa na wiki mbili tatu hivi tunaanza kulalamika kwamba kageuza usiku kuwa mchana, na mimi nilisema hivyo hivyo kwa wa kwanza. Ila ukweli ni kwamba hajageuza kitu, kwake usiku na mchana bado havijaanza, mwili wake haujui tofauti, na ukishalielewa hilo hasira zinapungua na unajua cha kufanya.

Iko hivi. Sisi watu wazima tunasinzia usiku na kuamka asubuhi kwa sababu kuna homoni zinapishana. Melatonini inapanda giza likiingia inauambia mwili sasa ni usiku, kotisoli, ile inayokuchangamsha, inaanza kupanda kabla hujaamka, inafika juu kabisa muda mfupi baada ya kufumbua macho, halafu inashuka taratibu mpaka usiku. Anayezipangia zamu ni saa ndogo sana ndani ya ubongo, kifurushi cha seli kama 20,000 tu kilichokaa juu kidogo ya pale mishipa ya macho inapokutana, na ndo maana mwanga una nguvu kiasi hicho, unapita machoni unaenda moja kwa moja kuirekebisha ile saa.

Mtoto akiwa tumboni anatumia melatonini ya mama yake, inapita kwenye kondo la nyuma bila kizuizi, yaani mama akilala gizani na mtoto anapata habari kwamba ni usiku. Siku akizaliwa kitovu kinakatwa na ile habari inakatika hapohapo. Saa anayo kichwani, imeshaumbika tangu tumboni, lakini bado haijaunganika vizuri na viungo inavyotakiwa kuviongoza. Melatonini yake mwenyewe ya kupanda usiku na kushuka mchana inaanza kuonekana kwenye wiki ya 9 mpaka 12 hivi, joto la mwili kushuka usiku nalo linakuja miezi hiyohiyo ya mwanzo, na kotisoli wengine inatulia miezi 2 au 3 na wengine mpaka miezi 6 hata 9. Kwa hiyo jirani akikwambia wake alianza kulala usiku akiwa na mwezi mmoja, mpongeze, ila usimpime wako kwa huyo.

Kazi yako miezi hii ni kumwazima saa yako mpaka yake ianze kutembea.

Anza na asubuhi, hapa ndo penye uzito kuliko kote na watu wengi wanaparuka. Chagua muda mmoja wa kuianza siku, uwe uleule kila siku hata kama usiku mlikesha, fungua mapazia, mtoe kwenye chumba cha kulala, mwongeleshe, mbadilishe nguo. Kisha mtoe nje kivulini japo dakika chache. Chumbani unaweza kuona kuna mwanga wa kutosha lakini macho yanatudanganya, ndani ya nyumba mwanga mara nyingi haufiki laksi 500 (laksi ni kipimo cha mwanga) wakati nje kivulini mchana ni maelfu. Kivulini nimesema, jua kali la moja kwa moja halimfai mtoto wa chini ya miezi 6, ngozi yake ni laini mno.

Mchana akisinzia mwache alale kwenye mwanga wa kawaida na shughuli za nyumba ziendelee, redio iongee, vyombo vioshwe. Hizo wiki za mwanzo usimfungie mapazia mchana ukadhani unamsaidia.

Jioni geuza kila kitu. Saa moja au mbili kabla ya muda wa kulala zima taa kubwa, punguza sauti, weka simu na televisheni mbali naye, muogeshe, mnyonyeshe, mlaze. Mpangilio uwe uleule kila siku. Na usiku wenyewe, hapa nisikilize mama mwenzangu, na wewe baba unayeamka kumbadilisha nepi: akiamka usiwashe taa ya dari. Tumia kataa kadogo ka rangi ya machungwa au nyekundu kalikowekwa chini, maana mwanga mweupe na wa bluu ndo unaoikurupusha ile saa, wa rangi hizo ukiwa hafifu hauisumbui sana. Usimchekeshe, usimpigishe stori, mnyonyeshe, mcheulishe, mrudishe. Nepi badilisha kama ana choo au imejaa, ikiwa imelowa kidogo tu mwache.

Mimi kwa wa kwanza nilikuwa nawasha taa usiku kucha kwa sababu niliogopa nisipomwona atapata shida nisijue. Mama mkwe ndo aliyekuja kunizimia, akaniuliza mtoto atajuaje kumekucha kama hajawahi kuonyeshwa giza. Sijui alijifunza wapi ila alikuwa sahihi kabisa.

Sasa maziwa, hili linanigusa sana. Maziwa ya mama hayafanani saa zote. Ya usiku yana melatonini, ya mchana karibu hayana, ya asubuhi yana kotisoli nyingi kuliko ya jioni. Mtoto anayenyonya moja kwa moja anapata taarifa ya saa ndani ya maziwa kila anaponyonya. Kwa hiyo kama unakamua na kuhifadhi, andika saa ya kukamua juu ya chupa, sio tarehe peke yake, ya usiku mpe usiku na ya asubuhi mpe asubuhi inapowezekana. Inapowezekana, maana mtoto mwenye njaa anapewa maziwa yaliyopo, mchanga anahitaji kunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku ukiwemo, na hakuna kumnyima eti azoee kulala. Na kama anatumia maziwa ya kopo usijione umekosa, mwanga na giza ndo vinafanya sehemu kubwa ya kazi, navyo viko mikononi mwako.

Kama mtoto wako ni njiti, hesabu umri wake kuanzia tarehe aliyotakiwa kuzaliwa, aliyewahi wiki 8 akifikisha wiki 12 mchukulie kama wa wiki 4. Akiwa bado wodini waulize wauguzi kama taa zinapunguzwa usiku au inkubeta inafunikwa, watoto njiti wanaowekewa mchana na usiku wamewahi kuonekana wakiongezeka uzito vizuri kuliko wanaokaa kwenye mwanga saa zote.

Matone au vidonge vya melatonini usimpe kwa kujiamulia mwenyewe, hata kama mtu kasema wake vilimsaidia. Kulala, alazwe chali kwenye godoro gumu kiasi, bila mto wala mablanketi mazito, usiku na mchana. Na si kila usingizi mbovu ni mambo ya saa: mtoto wa chini ya miezi 3 mwenye joto la 38 au zaidi, au anayelala tu na kukataa kunyonya, huyo mpeleke hospitali saa hiyohiyo usingoje kupambazuke.

Utajuaje inaanza kukubali? Andika kwenye karatasi saa anazolala kwa siku tatu nne, halafu rudia wiki inayofuata. Usitegemee usiku mzima, angalia kipande kimoja cha usingizi kinachorefuka, na mara nyingi kinakuja mwanzoni mwa usiku, masaa matatu, manne, halafu baadaye matano. Ukishakiona kimejirudia siku kadhaa, hicho ndo kipande chako na wewe, acha vyombo, acha simu, panda kitandani dakika ileile anayolala yeye.