Usimwahidi Mtoto Asichoahidi Mungu: Mwongozo kwa Wazazi Wakristo Wakati wa Hofu

Mzazi Mkristo anayelea watoto wakati wa vita, maradhi au mauaji yanayotangazwa kila siku hukabiliwa na kishawishi kikubwa, nacho ni kumwambia mtoto kwamba kwa kuwa nyumba yao ni ya sala, hakuna baya litakalowapata. Maneno hayo hutuliza usiku mmoja. Siku watakapozikwa watu ambao mtoto anawajua kwamba nao walikuwa wakisali, atapiga hesabu mwenyewe na kuona kwamba ama Mungu ameshindwa, ama mzazi wake amesema uongo.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kutenganisha yale aliyoahidi Mungu na yale tunayoyatamani sisi. Katika Danieli 3, vijana watatu walimwambia mfalme Nebukadreza kwamba Mungu wao aweza kuwaokoa na tanuru ya moto, kisha wakaongeza, “Bali kama si hivyo,” hawataisujudia sanamu yake. Paulo naye, katika Warumi 8, hasemi kwamba dhiki, njaa na upanga havitawafikia waaminio. Anasema kwamba havitawatenga na upendo wa Mungu. Mzazi aliyeielewa tofauti hiyo ana jambo la kumwambia mtoto ambalo matukio ya kesho hayawezi kulikanusha.

Kabla ya kumfundisha mtoto, jitazame mwenyewe. Mtoto mdogo husoma uso wa mzazi kabla ya kusikia maneno yake, na mzazi anayefungua simu kila baada ya dakika chache mezani, akiguna na kushika kichwa, amekwisha kuhubiri. Weka saa maalumu ya kufuatilia habari, ikiwezekana watoto wakiwa hawapo, na usiwaachie picha za maiti na milipuko eti wazoee. Mtoto wa umri wa chekechea akiona mlipuko uleule ukirudiwa kwenye runinga anaweza kudhani kwamba umetokea tena na tena.

Na kama imani yako yenyewe inayumba, usijifanye jabali. Ile sala, “Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu,” iliyoandikwa katika Marko 9:24, ilitamkwa na baba ambaye mwanawe alikuwa akiteseka tangu utotoni. Hakungoja shaka zake ziishe ndipo amlete mtoto kwa Yesu. Alimleta akiwa nazo, na mtoto akaponywa. Unapokosa maneno yako mwenyewe, tumia ya Zaburi, ambazo nyingi ni maombolezo. Zaburi ya 13 inamuuliza Mungu “hata lini”, na ya 88 inamalizika gizani bila faraja yoyote. Binafsi naona ni kosa kuwaficha watoto zaburi hizo na kuwaimbisha za shangwe peke yake, kwa maana humfanya mtoto mwenye hofu aone kwamba hofu yake haina mahali mbele za Mungu.

Maswali magumu huja wakati wa kulala, taa ikishazimwa. Mtoto akiuliza, “Mama, na sisi tutauawa?”, usikimbilie kujibu, wala usimnyamazishe kwa kumwambia alale. Keti kitandani, umwulize kwanza amesikia nini na kwa nani, kwa sababu mara nyingi anachoogopa ni kidogo kuliko ulivyodhani, au ni kitu kingine kabisa, kama vile kubaki peke yake. Kisha mjibu kwa kweli inayolingana na umri wake: “Sijui kesho italeta nini, mwanangu. Najua kwamba usiku huu tuko pamoja, milango imefungwa, na baba na mimi tunafanya kila tuwezalo kuwalinda. Na najua kwamba hakuna mahali tutakapofika ambapo Mungu hayupo.” Baada ya hapo salini kwa ufupi, naye ataje hofu yake kwa jina katika sala, hata kama ni kishindo alichosikia nje.

Mfundishe pia kifungu anachoweza kukisema kwa pumzi moja. Zaburi 56:3 inafaa sana: “Siku ya hofu yangu nitakutumaini Wewe.” Kichwa cha zaburi hiyo kinaihusisha na Daudi alipokamatwa na Wafilisti huko Gathi, na utaona kwamba Daudi hakukana hofu, aliitaja na kumtumaini Mungu humohumo.

Wako wanaodhani kwamba kuchukua tahadhari ni upungufu wa imani. Tauni ilipoingia mji wa Wittenberg, Ujerumani, mwaka 1527, Martin Luther, mwanamageuzi wa Kanisa, alibaki mjini kuwahudumia wagonjwa, mkewe Katharina akiwa mjamzito na mwana wao Hans akiwa bado mdogo. Katika waraka aliouandika kujibu swali la iwapo Mkristo aruhusiwa kuikimbia tauni, alieleza kwamba angemwomba Mungu ulinzi, kisha angetumia dawa na kuepuka mahali asipohitajika, lakini jirani akimhitaji angekwenda. Mpangilio huo unafaa nyumbani hata leo. Mwoneshe mtoto mahali pa kukutania mkipotezana, mkaririshe namba ya simu ya mzazi, mweleze nani wa kumkimbilia, na yote hayo yafanyike kwa sauti ya kawaida, kama mnavyofundishana kuvuka barabara.

Kuhusu ibada ya nyumbani sina mengi: iwe fupi, iwe kila siku, na isifutwe siku mbaya. Kumbukumbu la Torati 6:7 linataja kuketi nyumbani, kutembea njiani, kulala na kuondoka, yaani shughuli ambazo familia inazifanya hata ikiwa ukimbizini.

Jambo ambalo wazazi wengi hulisahau ni kwamba hofu ya mtoto huelekea kutafuta mwenye hatia. Akisikia kila siku kwamba watu wa kabila fulani, dini fulani au nchi fulani ndio wabaya, atawachukia wote, hata mwenzake wa dawati moja. Mtaje mkosaji kwa kosa lake, usimtaje kwa ukoo wake, na katika sala za jioni waombeeni pia wanaowatisha, maana Yesu aliagiza hivyo katika Mathayo 5:44. Mtoto akikataa kuwaombea, usimlazimishe. Omba wewe, naye asikie.

Mwisho, iko hofu inayozidi uwezo wa sala ya kitandani. Mtoto akikosa usingizi kwa majuma kadhaa, akarudia kukojoa kitandani baada ya kuacha, akakataa kula au kutengana nawe hata kidogo, mpeleke kwa daktari au mshauri anayewajua watoto, na umweleze mchungaji au padri wako mapema. Kabla hamjatoka, mwambie mtoto waziwazi kwamba hapelekwi huko kwa sababu imani yake ni haba, na umwachie achague nani wa kumshika mkono njiani.