Kufunga kanga wakati wa hedhi na ujauzito: anzia kwenye nyonga

Binti wa dada yangu alishuka kwenye basi hapa Tanga majuzi, mimba ya miezi saba, amekuja kwao kujifungua mtoto wa kwanza. Anahema kama aliyepanda Lushoto kwa miguu. Ndani ya gauni alikuwa amejibana mkanda mpana wa mpira alioununua Dar es Salaam, umepita juu kabisa ya kitovu. Kabla hata hajanywa maji nilimwambia avue. Mkanda ulikuwa umemchora mtaro kuzunguka tumbo.

"Mama mdogo, si ndio wa kubeba tumbo huu?"

Ulikuwa umebana tumbo, haukuwa umebeba kitu. Jioni ile nilimfunga kwa kanga yangu kuukuu, akalala usiku ule bila kulalamikia kiuno, na kesho yake shoga yake akaja kuuliza, kisha jirani. Nimeona niandike, nisirudie maneno yaleyale uani kila siku.

Mimi si nesi. Niliyajua haya kwa bibi yangu, aliyekuwa akikanda wazazi pale Ngamiani, na kwa mimba zangu tatu, ambapo ya pili ndiyo iliyonifunza zaidi kwa sababu nilikosea.

Kitambaa

Kanga ya pamba, kuukuu, iliyofuliwa mpaka imelainika. Yangu maandishi yamefutika, nasoma neno "mama" tu, mengine yamekwenda na sabuni. Kanga mpya ina wanga, inateleza na inakwaruza. Zile zinazong'aa za nyuzi za plastiki usiziguse: hazinywi jasho, na zikipata joto zinapanda mwilini zenyewe. Kitenge ni kizito mno kwa joto la kaskazi. Merikani, ile pamba nzito isiyotiwa rangi, ni nzuri, lakini iache kwa ajili ya mkaja, ule mkanda wa kufunga tumbo baada ya kuzaa, kwa sababu hainyumbuki na tumbo la mimba linataka kitu kinachonyumbuka.

Pini sitaki kuziona. Pini ikifunguka chini ya tumbo umekaa kwenye daladala, utanikumbuka.

Ya hedhi

Hii ni rahisi, niimalize kwanza.

Kunja kanga kwa urefu wake mpaka ibaki na upana wa shibiri moja. Tafuta joto: chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa kitambaa, au chumvi ya mawe uliyoikaanga kavu kwenye sufuria ukaitia kwenye mfuko mdogo wa pamba. Mimi napenda chumvi, inakaa na joto muda mrefu na inajilaza vizuri mwilini. Ijaribu kwanza upande wa ndani wa kifundo cha mkono, pale penye mishipa. Ikikuchoma hapo, subiri.

Weka joto juu kidogo ya kinena, zungusha kanga kuanzia mgongoni, chomeka ncha pembeni. Usikaze. Kazi ya kanga hapa ni kushikilia joto lisidondoke wewe ukiendelea kupika. Maumivu yenyewe yanatokana na kizazi kujikunja ili kutoa damu, na joto hulegeza ule mkunjo. Dakika 20 hadi 30 zinatosha, kisha pumzisha ngozi. Kama maumivu yako yapo mgongoni zaidi, hamishia joto huko. Usilale usingizi umefunga kitu cha moto. Nimeona ngozi iliyobabuka kwa namna hiyo, na mwenyewe hakusikia mpaka alfajiri.

Huku kwetu maumivu haya tunayaita chango, na kila muuza dawa za miti ana chupa yake ya chango. Kanga haitibu chango. Inakusaidia upitishe siku. Kama kila mwezi unalala chini huendi shule wala kazini, au unatapika, au pedi inajaa kila saa moja, au maumivu hayakuwepo zamani na sasa yamekuja na kila mwezi yanazidi, nenda hospitali ukapimwe. Na kidonge cha maumivu kama ibuprofeni si dhambi. Ukikimeza maumivu yanapoanza kinafanya kazi vizuri kuliko ukisubiri mpaka unalia. Ila ibuprofeni si ya mjamzito.

Ya mimba: kabla hujafunga

Kama unatokwa damu, kama kliniki wamekwambia kondo la nyuma limekaa chini, kama presha iko juu, au kama unaumwa kichwa kikali na macho yanaona ukungu, weka kanga chini uende kliniki. Hayo hayafungwi. Mwambie pia nesi wako kwamba unataka kufunga. Wengi hawana tatizo nalo wakijua unafunga chini na si kubana.

Na usifunge ili kuficha mimba. Sitaeleza zaidi.

Kukunja

Kwa mimba usikunje kwa urefu kama ile ya hedhi. Kunja kona kwa kona, upate pembetatu, halafu endelea kukunja kutoka kwenye ncha ya pembetatu kuelekea ule upande mrefu mpaka upate mkanda wa upana wa kiganja chako. Sababu ni mbili. Kanga moja ina urefu wa kama sentimita 150, na tumbo la miezi minane linaila karibu yote, hubaki na cha kufungia. Ukiikunja mshazari unapata zaidi ya sentimita 180. Pili, kitambaa kikivutwa mshazari hunyumbuka, kwa hiyo ukivuta pumzi kinakwenda nawe, ukitoa kinarudi. Hicho ndicho yule mwenye kiwanda cha mikanda ya mpira anachokuuzia kwa bei kubwa.

Kuweka mahali pake

Hapa ndipo nilipopotea mimi.

Mimba ya pili, mwezi wa saba, kiuno kilikuwa kinaniuma mpaka nikawa natembea kama bata. Nikaamua kujifunga mwenyewe, bibi yuko Pangani. Nilianza baada ya adhuhuri. Nikafunga pale kiunoni, unapofungia sketi. Nikasimama, ikapanda. Nikafungua, nikafunga tena kwa nguvu zaidi, ikapanda tena mpaka chini ya matiti, kiungulia kikanipanda nacho. Nikaongeza kanga ya pili juu ya ile ya kwanza. Mara hii haikupanda, lakini nilipokohoa mkojo ulinitoka. Nikaona ni mambo ya mimba tu. Alasiri ikaingia bado nafunga na kufungua, jasho linanitoka, nimekaribia kulia. Nilivaa hivyohivyo siku tatu.

Bibi aliporudi aliitazama tu. Hakunigombeza. Akanilaza kiubavu mkekani, akachukua vidole vyangu mwenyewe akaviweka kwenye ule mfupa unaotokeza mbele ya nyonga, kulia na kushoto. "Hapa ndipo inapokaa. Wewe umefunga nyama."

Nilichokuwa nafanya ni hiki: nilibana tumbo katikati kama mtu anayebana mfuko wa unga. Ukibana mfuko katikati, unga unakwenda juu na chini. Juu ndicho kile kiungulia na kukosa pumzi. Chini, uzito wote unaikalia misuli inayoshika mkojo na kizazi, misuli ambayo mimba imekwisha ichosha. Kadiri nilivyokaza ndivyo nilivyojiumiza.

Kwa hiyo fanya hivi. Tafuta mifupa hiyo miwili kwa vidole. Usikisie kwa macho, kwa sababu tumbo likishakua huoni kitu huko chini, na mwanamke mnene inabidi abonyeze kidogo kuipata. Ukishaipata, kanga inapita hivi: nyuma inakaa chini, pale makalio yanapoanza kujaa, chini ya kile kishimo cha kiuno, pembeni inapita juu ya nyonga, mbele inateremka *chini* ya tumbo, karibu kabisa na kinena. Mwanzo utaona ni chini mno. Binti naye aliniuliza, "Mbona huku, si itadondoka?" Haidondoki. Mfupa unaizuia.

Namna ya kuifikisha hapo: tandika kanga kitandani kwanza, mito miwili au mitatu nyuma yako, ukae nusu umelala juu yake, magoti yamekunjwa. Usilale chali kabisa. Baada ya miezi mitano tumbo likikuelemea hukandamiza mshipa mkubwa wa damu ulio nyuma, utasikia kizunguzungu. Kisha weka viganja viwili chini ya tumbo, linyanyue taratibu kama unavyonyanyua mtoto aliyelala, na mtu mwingine avute ncha za kanga zije mbele chini ya viganja vyako. Toa viganja. Tumbo likae juu ya kanga lenyewe. Huo ndio mnyanyuo wote; hakuna nguvu nyingine inayotakiwa.

Kama uko peke yako, piga magoti na viganja sakafuni kwa dakika moja, tumbo linaning'inia mbele na uzito unatoka nyonga. Kisha simama umeegemea ukuta ufunge. Inawezekana, lakini ya kwanza kabisa uwe na mtu.

Makosa ninayoyaona mara kwa mara: kanga iko sawa mbele lakini nyuma imepanda kiunoni, na hii ndiyo inayoivuta yote juu baada ya dakika kumi. Mkanda umekunjwa mpana mno ukafika kitovuni. Chupi yenye mpira mnene imekaa chini yake, kanga inateleza juu ya mpira. Na lile la wanawake wakubwa wa zamani, kufunga *juu* ya tumbo ili kumsukuma mtoto ateremke. Hilo nalikataa waziwazi, awe amelisema nani. Mtoto anateremka kwa saa yake.

Kuna na hili la siku hizi. Binti alinionesha kwenye simu picha za kufunga kwa Wamalay, bengkung, kitambaa kirefu cha mita zaidi ya 10 chenye mafundo yaliyopangwa mbele toka nyonga mpaka mbavuni. Ni kuzuri kutazama. Lakini hiyo ni ya mzazi, aliyekwisha jifungua, kama mkaja wetu. Ukimfunga hivyo mwenye mimba umembana mtoto.

Fundo

Pembeni, mbele kidogo ya nyonga. Fundo la kitanzi linalofunguka kwa mvuto mmoja, maana utakwenda chooni mara nyingi kuliko unavyodhani.

Kujaribu

Vidole viwili vipite kati ya kanga na ngozi bila kusukumana. Tembea mpaka mlangoni urudi. Kaa. Kohoa. Mkojo ukitaka kutoka, miguu ikifa ganzi, pumzi ikiwa fupi au tumbo likikaza kama jiwe, fungua. Kuanzia miezi saba hivi unajua mwanao anavyocheza. Akipunguza kucheza usikae kurekebisha kanga, fungua uende hospitali, usiku au mchana.

Vaa ukiwa na shughuli: sokoni, kusimama jikoni, safari. Muda wa saa mbili au tatu, kisha pumzika. Usilale nayo. Ukishinda nayo kutwa misuli yako inazoea kubebwa.

Mkaja

Wengi wataniuliza. Mkaja una heshima yake. Hata katika mahari mama wa bibi harusi hupewa fedha kwa jina hilo, kwa tumbo alilolifunga baada ya kumzaa. Unaanzia palepale kwenye nyonga na kupanda juu, haukazwi mpaka mbavu zikalia, na unaanza baada ya nesi kuridhika na damu. Aliyepasuliwa asubiri daktari aseme. Na mkaja haurudishi kizazi; kizazi hurudi chenyewe kwa wiki kama sita. Unampa mzazi kiuno cha kukalia akinyonyesha, basi. Siku nyingine nitaandika wake peke yake.

Kufua

Kila siku, kwa sabuni ya kipande, bila wanga, uanike juani. Kwa joto hili ukiirudia na jasho la jana utapata vipele kwenye kinena. Inabidi uwe na mbili. Mimi nilikuwa na mbili, binti kachukua ile laini na hana dalili ya kuirudisha, kwa hiyo anayetaka kuja kufungwa asubuhi aje na yake. Yangu itakuwa kambani.