Kuishi na RAV4 ya silinda nne jijini Dar es Salaam: hesabu saa, si kilomita peke yake

Mwongozo huu unahusu Toyota RAV4 ya kizazi cha tatu, ile iliyoanza kuuzwa Japani mwishoni mwa mwaka 2005, ambayo leo hupeleka watoto shuleni na wazazi kazini katika familia nyingi za Dar es Salaam. Zile zilizotengenezwa kwa soko la Japani zina injini ya petroli ya silinda nne yenye ujazo wa cc 2,362, ijulikanayo kwa alama ya 2AZ-FE, pamoja na gia boksi ya CVT, yaani otomatiki isiyo na gia za hatua. Ya kwangu nimeiendesha kila siku ya kazi kwa miaka sita kati ya Tegeta na Posta, na ningetakiwa kumwambia jambo moja tu mtu anayeinunua leo, ningemwambia kwamba dashibodi inamwonyesha kilomita, ilhali gari lake linachakaa kwa saa.

Hesabu yake ni rahisi. Kutoka Tegeta hadi Posta ni kilomita zipatazo 25, na asubuhi ya kawaida, foleni ikianza kushikana kabla ya kufika Mwenge, safari hiyo hunichukua saa mbili. Huo ni mwendo wa wastani wa kilomita 12 na nusu kwa saa. Gari likitembea kilomita 5,000 kwa mwendo huo, injini itakuwa imeunguruma kwa saa 400. Gari lingine la aina hiyohiyo likitembea kilomita 5,000 katika barabara ya Dodoma kwa wastani wa kilomita 60 kwa saa, injini yake itakuwa imefanya kazi kwa saa zisizofika 84. Stika ya fundi inayobandikwa kwenye kioo kuonyesha kilomita za kubadilisha oili huyahesabu magari haya mawili kuwa sawa, lakini oili ya gari la kwanza imepikwa karibu mara tano zaidi, na muda mwingi wa kupikwa huko gari lilikuwa limesimama, bila upepo wa kulipoza.

Kwa sababu hiyo nimeacha kungoja kilomita 5,000. Mimi hukaa barabarani saa nne kwa siku, siku 22 kwa mwezi, yaani saa 88, kwa hiyo hubadilisha oili na filta yake kila baada ya miezi mitatu hata kama gari limetembea kilomita 3,300 tu. Anayekaa karibu na kazini, au anayesafiri mikoani mara kwa mara, anaweza kusogea hadi kilomita 5,000 bila wasiwasi. Tumia oili ya sintetiki yenye unene wa 5W-30, na uinunue mwenyewe katika duka unaloliamini, kisha uangalie kifuniko kikifunguliwa mbele yako.

Injini hii ina sababu ya pekee ya kuhitaji uangalizi huo. Zile za miaka ya katikati ya uzalishaji wake zinajulikana kwa kula oili: vitundu vidogo vya kurudishia oili kwenye pistoni huziba kwa masizi, ringi zinashindwa kukwangua oili kwenye ukuta wa silinda, na oili inaungua pamoja na petroli. Tatizo hilo lilitambuliwa hadi Toyota nchini Marekani ikarefusha dhamana ya baadhi ya injini hizo. Jambo la hatari ni kwamba gari halitoi moshi mwingi wa kukushtua. Mwaka wangu wa pili nilirudi kutoka Dodoma nikiwa na familia nzima, na kesho yake asubuhi, nilipochomoa kijiti cha kupimia oili, ncha yake ilitoka kavu kabisa, ingawa hakuna taa yoyote iliyokuwa imewaka njiani. Tangu siku hiyo hupima kila Jumamosi kabla ya kuwasha injini, gari likiwa mahali pa tambarare: chomoa kijiti, kifute kwa kitambaa safi, kirudishe hadi mwisho, kichomoe tena na usome. Oili ikiwa katikati ya alama mbili, ongeza kidogo kidogo hadi ikaribie alama ya juu, lakini isiipite. Andika kiasi ulichoongeza, kwa sababu kiasi hicho ndicho kitakachokuambia kama tatizo linakua au limetulia.

Ukiwa umefungua boneti, tazama pia chupa ya kulanti, yaani kimiminika cha kupozea injini. Kulanti ya Toyota ni ya rangi ya waridi, na kiwango chake kinapaswa kubaki palepale wiki hadi wiki. Kikishuka bila uvujaji unaoonekana, usijaze maji ya bomba na kusahau. Katika injini za 2AZ-FE za miaka ya mwanzo, nyuzi za bolti za silinda hedi, yaani kichwa cha injini kinachofunika silinda, ziliwahi kulegea na kupitisha kulanti upande wa nyuma wa injini, mahali ambapo jicho halifiki kwa urahisi, na hapo fundi anapaswa kuangalia kwa tochi. Hakikisha vilevile kwamba feni za rejeta zinazunguka unapowasha kiyoyozi gari likiwa limesimama, maana katika foleni upepo wa feni ndio upepo pekee ulionao. Vumbi na wadudu waliojaa kati ya kondensa (rejeta ya kiyoyozi iliyo mbele) na rejeta ya injini waoshwe kwa maji ya mpira yenye msukumo mdogo, kwa kuwa mashine ya kuoshea magari hukunja mapezi membamba ya rejeta na kuziba njia ileile uliyotaka kuifungua.

Sasa tuje kwenye gia boksi, ambako nimeona watu wakipoteza fedha nyingi kuliko mahali pengine popote. CVT haina gia za kupanda na kushuka. Ina puli mbili zilizounganishwa na mkanda wa chuma, na puli hizo hupanuka na kubana ili kubadilisha uwiano. Oili yake ina kazi ya kulainisha, na wakati huohuo inapaswa kuuwezesha mkanda ushike puli bila kuteleza. Haidroliki nyekundu ya gia boksi za kawaida za otomatiki haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Gereji moja iliwahi kunijazia haidroliki hiyo nilipokuwa nimeliacha gari na kwenda zangu, na baada ya siku chache gari likaanza kutetemeka kila lilipoondoka kwenye taa, kama mtu mwenye homa. Ilibidi imwagwe na kujazwa oili sahihi mara tatu ndipo mtetemo ukaisha, na ninajihesabu kuwa na bahati. Kwa hiyo kaa palepale wakati wa kubadilisha. Soma maandishi ya chupa, uhakikishe kwamba ni oili ya CVT ya Toyota inayolingana na gari lako, mwambie fundi apime kile kilichomwagika, na kiasi hichohicho ndicho kirudishwe. Mimi hufanya hivyo kila kilomita 40,000, na kwa gari lililoagizwa bila kumbukumbu ya matengenezo ningefanya mwezi wa kwanza.

Katika uendeshaji, CVT hupenda mguu mtulivu. Ondoka polepole kwa mita chache za mwanzo, kisha ongeza. Unaporudi nyuma, subiri gari lisimame kabisa ndipo uhamishe gia. Gari lisiteremke mlima likiwa kwenye N, yaani gia huru, kwa matumaini ya kuokoa mafuta, kwa sababu injini inayopulizia petroli kwa sindano, gari likiwa kwenye gia nawe umeachia pedali ya mafuta, hukata petroli yenyewe.

Urefu wa gari hili kutoka ardhini, karibu sentimita 19, umewadanganya wengi. RAV4 ina bodi ya gari dogo iliyoinuliwa. Haina chasisi ya Land Cruiser, na mahali pa kuingizia hewa ya injini hapako juu kama unavyodhani. Wakati wa masika, maji yanapofunika barabara pale Jangwani, usipime kina kwa kumtazama dereva wa lori aliyekutangulia. Maji yakiingia kwenye silinda hayashindiliki kama hewa, hivyo pistoni inayopanda hukutana na kitu kisichobonyea, na konrodi, yaani mkono wa chuma unaoisukuma pistoni hiyo, hupinda. Injini ikizima ndani ya maji, usiiwashe tena. Lisukumwe litoke, kisha plagi zifunguliwe kwanza.

Matuta nayo yana namna yake. Punguza mwendo kabla ya tuta, kisha achia breki tairi zinapopanda, kwa maana ukikanyaga breki juu ya tuta pua ya gari inakuwa tayari imelala na shokapu hazina nafasi ya kufanya kazi. Sauti ya kugongagonga upande wa mbele kwenye barabara yenye mashimo mara nyingi hutoka kwenye stabilaiza linki, yaani vijiti vinavyounganisha fimbo ya kuzuia gari kuyumba na sehemu za magurudumu, ambazo ni spea za bei nafuu, kwa hiyo zikaguliwe kabla ya kukubali kununua shokapu mpya.

Ikiwa namba ya chasisi inaanza na ACA31, gari lako linaweza kuendesha magurudumu yote manne. Ikiwa ni ACA36, ni ya mbele pekee. Mwenye ACA31 asichanganye tairi mpya na zilizokwisha, kwa sababu tofauti ya mzunguko huifanyisha kazi bure kapulingi ya nyuma, ile inayopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma. Swichi ya LOCK ni ya matope na mchanga, nayo hufanya kazi katika mwendo usiozidi kilomita 40 kwa saa. Kwenye lami kavu izimwe.

Ndani ya gari, fungua kisanduku cha dashibodi upande wa abiria na utoe filta ya kiyoyozi iliyo nyuma yake. Yangu, siku ya kwanza, ilikuwa na majani makavu ya mwarobaini, manyoya ya ndege na vumbi zito kama blanketi, na nilielewa kwa nini mtoto wangu wa mwisho alikuwa akikohoa kila asubuhi njiani. Ibadilishwe kila miezi sita. Ni kazi ya dakika tano isiyohitaji fundi, na kwangu hakuna pesa ya gari inayotumika vizuri zaidi ya hiyo.

Mlango wa nyuma una bawaba upande wa kulia na umebeba tairi la akiba, hivyo ni mzito na huhitaji nafasi. Kwetu tunaoegesha kushoto mwa barabara hilo ni jambo jema, kwa kuwa upande unaofunguka unakuwa kando ya barabara, nawe unapakia mizigo ukiwa umesimama salama. Nyumbani, usiegeshe kinyumenyume ukutani kama kuna mizigo ya kushusha. Bawaba zitiwe grisi, maana uzito wa tairi huzishusha, na mlango huanza kugonga kwenye matuta.

Matumizi ya mafuta yapime mwenyewe: jaza tangi hadi bomba likate, rudisha kihesabu cha safari kwenye sifuri, endesha wiki nzima, jaza tena katika kituo kilekile, kisha gawanya kilomita kwa lita. Langu hutoa kilomita 7 hadi 8 kwa lita katika foleni, na 11 ninapokwenda Morogoro. Likishuka chini ya 7, huanza na upepo wa tairi, kisha filta ya hewa, kisha plagi, kwa mpangilio huo wa gharama. Tangi lisishuke chini ya robo, kwa kuwa pampu imo ndani ya tangi na petroli ndiyo inayoipoza.

Yote haya huyaandika katika daftari dogo ninaloliweka mlangoni upande wa dereva: tarehe, kilomita, makadirio ya saa tangu oili ya mwisho, na kilichoongezwa. Ukurasa wa mwezi huu unasomeka hivi: saa 176, oili nusu lita, kulanti haijashuka.