SOMO: Gari ya familia inachemsha, pitia haya kabla hujampa fundi hela (njia ya Mtwara, Lindi na Masasi)

Wakuu habari za muda huu. Naandika hii mara moja ili nikiulizwa tena niwe natuma hii tu, maana swali ni lilelile kila wiki: inachemsha nikikaribia Mingoyo, inachemsha nikipanda Newala, fundi kaniambia tung'oe thamostati (kile kivalvu kinachofunguka kupitisha maji kwenda rejeta injini ikipata joto). Msimu wa korosho ndo inazidi, watu wanavuta IST, Raum, Passo na Noah kutoka Dar, gari imeshanyweshwa maji ya bomba miaka yote huko ilikotoka, ikifika tu inapakiwa familia nzima na mizigo, AC juu, safari ya Masasi jua la saa saba. Lazima ichemshe.

Kitu kimoja naomba kiwakae: kulanti (maji ya dawa ya kupoza injini) haiishi yenyewe kama mafuta. Mfumo umefungwa. Ukiona kila Jumamosi unaongeza, kuna mahali inatoka, na kazi yako ni kupajua hapo, sio kuendelea kuongeza.

1. Injini iwe ya baridi kabisa, asubuhi kabla hujawasha.

2. Cheki tanki la akiba, iwe kati ya LOW na FULL.

3. Fungua kifuniko cha rejeta chenyewe. Wengi wanaishia kwenye tanki wanaridhika. Rejeta inatakiwa ijae mpaka shingoni, sasa ukikuta tanki limejaa na rejeta iko chini, kifuniko kimechoka au kile kimpira kinachotoka shingo ya rejeta kwenda tanki kimepasuka kinavuta hewa.

4. Kigeuze hicho kifuniko ukiangalie. Mpira ukiwa mgumu au umemeguka, badilisha. Juu kimeandikwa 0.9 au 1.1, nunua chenye namba ileile ya gari yako, usikubali "hiki nacho kinaingia". Kazi yake ni kushikilia presha: maji ya kawaida yanachemka nyuzi 100, ila chini ya kifuniko kizima cha 0.9 yanavumilia mpaka karibu 119. Kikifa, gari inachemsha wakati kila kitu kingine ni kizima, na nimeona watu wamenunua rejeta mpya kwa sababu ya kifuniko.

5. Tafuta panapovuja. Chukua tochi, pita kwenye hosi ya juu na ya chini, kwenye klipu, pembeni mwa rejeta pale plastiki inapokutana na bati, halafu wota pampu. Pampu ina kitundu kidogo chini yake, ukiona unga wa pinki au wa kijani umekauka pale, sili imeanza kuachia hata kama hakuna tone chini.

6. Feni. Washa gari, washa AC, feni izunguke. Isipozunguka anza na fyuzi na rilei, ni vitu vya bei ndogo. Na kama uliuziwa gari feni imeungwa direkti inazunguka muda wote, jua kuna mtu alikwepa tatizo.

7. Mapezi ya rejeta. Anayetumia njia ya Tandahimba anajua vumbi lake. Linaingia katikati ya kondensa ya AC na rejeta, kwa mbele huoni kitu. Osha kwa maji ya presha ndogo kutokea upande wa injini kwenda nje. Ile mashine ya kuoshea magari usiisogeze karibu, inalaza mapezi na hewa haipiti tena.

8. Kumwaga na kujaza upya. Hapa tulieni, ni hatua niliyowahi kuikosea kwenye Raum ya shemeji na ikataka kuondoka na silinda hedi (kile kichwa cha juu cha injini). Kujaza mpaka juu, kufunga na kuondoka sio kujaza. Ukimwaga kulanti hewa inaingia kwenye injini na kwenye hita, ukimimina haraka inabaki imejificha mule, rejeta inaonekana imejaa kumbe ndani kuna nafasi tupu. Ukitembea kidogo ile hewa inafika kwenye sensa, na sensa ikiwa kwenye hewa badala ya maji inasoma uongo, mshale unatulia huku hedi inaungua. Kwa hiyo fanya hivi: paki pua ya gari ikiwa juu kidogo, zungusha hita mpaka mwisho wa joto, mimina polepole huku unaminyaminya hosi ya juu, utaona mapovu yanatoka na usawa unashuka, ongeza. Washa gari kifuniko kikiwa wazi, AC umezima, iache sailensa (iungurume tu bila kukanyaga mafuta). Itakaa muda haifanyi kitu, halafu thamostati itafunguka na maji yatashuka ghafla, ongeza tena. Subiri feni iwake na kuzima mara mbili, hosi ya juu na ya chini zote ziwe za moto, na hita itoe hewa ya moto kweli. Hita ikitoa hewa ya baridi wakati injini ni ya moto, bado kuna hewa ndani. Mapovu yasipokoma kabisa, simama hapohapo, hiyo inaweza kuwa gasketi ya hedi imeachia. Kesho yake asubuhi ikiwa baridi fungua tena, lazima itakuwa imeshuka kidogo, jazia.

ONYO: Usifungue kifuniko injini ikiwa ya moto, hata kwa kitambaa, hata kwa "nageuza kidogo tu". Maji yenye presha yanaruka usoni. Na kulanti uliyoimwaga usiiache kwenye beseni uani, ni tamu na ni sumu, mbuzi, mbwa na watoto wadogo wanainywa.

Kulanti yenyewe: ya kuchanganya ni nusu kwa nusu na maji yasiyo na chumvi, ile iliyoandikwa tayari kutumika usiongeze kitu. Rangi isikudanganye, soma chupa, na usichanganye aina mbili. Maji ya kisima ya huku pwani msiweke. Chumvi inajenga ukoko kwenye njia nyembamba za rejeta na inakula aluminiamu.

MASWALI

passo_nyeupe: Mkuu asante sana. Mimi Passo yangu haina mshale wa tempresha, nitajuaje imeanza kuchemsha?

Jibu: Swali zuri dada, Passo na Vitz nyingi ziko hivyo. Ukiwasha ya baridi inakuja taa ya bluu, ikipata joto inazima, ndo uzima huo. Nyekundu ikiwaka ni kusimama. Na hiyo bluu inakusaidia kingine, ikiwa unatembea kilomita kadhaa bado haijazima, thamostati imetolewa au imegoma ikiwa wazi.

mzigo_mzito: Somo refu sana, kwa kifupi ninunue nini?

Jibu: Soma namba 1 mpaka 8.

fundi_wa_mtaani: Thamostati ni za Ulaya kwenye baridi, huku joto. Sisi tunang'oa na gari zinatembea.

Jibu: Zinatembea, sikatai. Thamostati nyingi za Toyota zimeandikwa 82, maana yake injini imeundwa kufanya kazi joto hilo na kupanda, Lindi au Ulaya ni lilelile. Ukiing'oa injini inakaa ya baridi, kompyuta inaongeza mafuta, oili inachafuka mapema, na kama rejeta imeziba bado utachemsha mlimani. Kama unaishuku, itie kwenye sufuria ya maji, weka jikoni. Maji yakikaribia kuchemka inatakiwa iwe imefunguka, yakipoa ijifunge. Mbovu nunua nyingine. Mteja hakuja ili atolewe kifaa.

wa_nachingwea: Shikamoo mkuu. Nauliza, yale maji yanayodondoka chini ya gari ukiwasha AC, si hayana chumvi? Naweza kuyakinga nikatumia?

Jibu: Marahaba kijana, umefikiri vizuri. Yale ni unyevu wa hewa uliogeuka maji kwenye evaporeta (kile kipoozeo cha AC ndani ya gari), chumvi hayana, kwa hiyo ni bora mara mia kuliko ya kisima. Shida yake yanapita kwenye vumbi na ukungu wa mule ndani. Yachuje kwa kitambaa safi, tumia kuongezea njiani ukikwama. Kwa kujaza kabisa nunua maji ya betri dukani, ila soma chupa, kuna MAJI na kuna ASIDI na zinakaa shelfu moja. Ukiweka asidi kwenye rejeta umeimaliza.

njia_kuu: Ikichemsha njiani je, tuseme Mbwemkuru huko na watoto ndani?

Jibu: Zima AC, washa hita joto la mwisho na feni yake yote, shusha vioo, hita inavuta joto la injini. Itawatesa kidogo ila inakupa muda wa kutafuta pa kusimama. Simama kivulini, zima gari, fungua boneti, watoto washuke wakae upande wa mbali na barabara. Subiri nusu saa au zaidi, mpaka hosi ya juu ukiishika mkono unavumilia na ukiiminya iwe laini. Usimwagie injini maji ya baridi, hedi ya aluminiamu inapinda. Ukiongeza, polepole, injini ikiwa imeshapoa.

haraka_haraka: Mimi taa nyekundu iliwaka nikaona Lindi karibu nikamalizia tu. Sasa asubuhi inatoa moshi mweupe na maji yanapungua ila hakuna panapovuja.

Jibu: Usiiwashe tena. Fungua kifuniko cha oili, ukikuta utando wa rangi ya maziwa basi gasketi ya hedi imeondoka na maji yanaingia kwenye oili. Usipoukuta bado haijapona, maji yanaweza kuwa yanaingia kwenye silinda tu, ndo huo moshi. Ivutwe mpaka gereji. Hedi ipelekwe kwa wachongaji ipimwe kama imepinda kabla ya kufunga gasketi mpya, usikubali ifungwe bila kupimwa.

haraka_haraka: Hakuna dawa ya kumimina ikaziba?

Jibu: Hapana.

mama_shangani: Kaka samahani natoka nje ya mada, betri yangu inaota unga mweupe na kijani kwenye vichwa, asubuhi gari inakataa. Ni hewa ya bahari?

Jibu: Karibu mama, hakuna kosa. Unga ule unatokana na mvuke wa asidi ya betri yenyewe, hewa ya chumvi inaongeza kasi. Chomoa waya wa negativu kwanza, halafu pozitivu. Changanya magadi na maji ya vuguvugu, sugua kwa mswaki wa zamani mpaka povu likome, suuza, kausha, yasiingie ndani ya betri. Rudisha pozitivu kwanza, negativu mwisho, kaza, paka grisi juu. Ukirudia kuona unga upande uleule ndani ya muda mfupi, nenda ukapimiwe chaji, inawezekana alteneta inachaji kupita kiasi. Ukiweza waambie wakupimie gari ikiwa inawaka, iwe kati ya volti 13.5 na 14.7.