Mtihani wa maumbo kwenye usaili: jiandae hivi

Vijana ninaowaandaa kwa usaili huniambia jambo lilelile: hesabu wanaiweza, lakini wakiwekewa miraba yenye nukta na mishale, wachague picha inayofuata kati ya majibu waliyopewa, wanaona ramli. Si ramli. Mwaka 1938 John C. Raven alichapisha Uingereza mtihani wake wa maumbo, maswali 60 katika mafungu matano, na mitihani mingi ya leo inazungukia kanuni zilezile chache.

Hatua ya 1: Zijue kanuni. Umbo huzunguka, huhama, huongezeka au kupungua idadi, hubadili rangi, au hugeuzwa kama kwenye kioo. Kuna moja inayoangusha wengi: maumbo mawili hupandanishwa, mstari uliopo kwenye yote mawili unafutika, uliopo kwenye moja tu unabaki. Hii ichore kwenye karatasi mbili nyembamba, uzipandanishe, uziinulie dirishani. Ukiiona kwa macho mara tano hutaisahau.

Hatua ya 2: Fuata kitu kimoja tu. Hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi. Tuseme picha ya kwanza ni mraba: nukta nyeusi kona ya juu kushoto, mshale katikati unatazama juu. Ya pili: nukta nyeupe, juu kulia, mshale unatazama kushoto. Ya tatu: nukta nyeusi, chini kulia, mshale unatazama chini. Ya nne ni ipi?

Usiitazame picha nzima. Anza na nukta, usahau mshale: inahama kona moja kila mara, kama saa inavyokwenda, kwa hiyo sasa iko chini kushoto. Papo hapo futa majibu yote yasiyo na nukta hapo. Rangi inapokezana, basi ni nyeupe, futa tena. Mshale unazunguka robo, kinyume cha saa: utatazama kulia. Mara nyingi jibu hubaki peke yake kabla hata hujamaliza kukagua vyote, na ndiyo maana nasisitiza kufuta.

Hatua ya 3: Saa. Siku tatu za kwanza fanya bila saa. Baadaye jipimie chini ya dakika moja kwa swali, maana mingi ndivyo ilivyo. SHL, kampuni inayotengeneza mitihani hii, ina mazoezi ya bure kwenye tovuti yake.

Hatua ya 4: Daftari la makosa. Usiandike "swali la 7 nimekosa". Andika kanuni iliyokuponyoka: "sikuangalia rangi." Baada ya wiki utaona kosa lako ni lilelile, nalo ndilo la kufanyia kazi.

Siku yenyewe, soma maelekezo pole pole: je, jibu baya linakatwa alama? Unaruhusiwa kurudi nyuma? Kama mtihani ni wa mtandaoni, tumia kompyuta, si simu, kwa sababu kwenye kioo kidogo nukta nyeupe na ya kijivu hufanana. Na bando nunua jana yake.