Jinsi ya kuitambua gumegume ya Kihispania

Ukikutana na gumegume ya zamani (bunduki inayowasha baruti kwa cheche za jiwe) kwenye makumbusho au mnadani, usianze na marembo, cheki mtambo wa kufyatulia kwanza. Wa Kihispania, ule wanaouita patilla, springi kubwa iko NJE ya bamba la chuma, unaiona kabisa bila kufungua skrubu hata moja. Gumegume za Kifaransa wao waliificha ndani.

Afu fuata springi na jicho mpaka kwenye nyundo, ile inayoshika jiwe. Kama inasukuma kisigino cha nyundo (sehemu ya nyuma ya kitako chake) kwenda juu basi ni Kihispania, kama inakandamiza sehemu ya mbele ya kitako hicho kwenda chini hiyo ni ya Kiitaliano, watu wengi wanachanganya hapa.

Angalia pia skrubu inayobana jiwe, mara nyingi ina pete juu ili uikaze kwa kidole au kijiti. Na kile chuma kinachopigwa na jiwe ndo hichohicho kifuniko cha kisahani cha baruti, kipande kimoja tu, na usoni mara nyingi kina mifereji iliyosimama ili cheche zitoke nyingi, kazi safi sana hiyo. Mafundi wa Ripoll kule Catalonia walisifika sana kwa kazi hizi, mpaka mji ukaharibiwa vitani 1839.

Ukiruhusiwa kuishika, hakikisha kwanza haina baruti ndani, manake za zamani nyingine zimeachwa zimeshindiliwa. Na tafadhali usifyatue nyundo bila jiwe, chuma kinaweza kupasuka, na kutu usiikwangue kwa msasa, futa kwa kitambaa chenye mafuta kidogo.