DAC laini isiyochoma masikio: namna ya kuichagua

Kama umefika hatua ya kutafuta DAC laini (DAC ni kifaa kinachogeuza muziki wa kidijitali kuwa umeme wa kuingia kwenye amplifaya) basi kinachokusumbua nakijua, sauti inachoma. Mwimbaji akipanda juu mkono unakimbilia volyumu, herufi s zinakwaruza, besi ipo lakini haijashiba, albamu moja tu masikio yameshachoka. DAC inaweza kusaidia hapo, ila inasaidia kidogo kuliko wauzaji wanavyosema, na inasaidia tu kama unajua ule ulaini unatokea wapi ndani ya kile kiboksi.

Anza na chumba. Nyumba zetu nyingi sakafu ni tailizi, ukuta plasta tupu, madirisha ya aluminiamu yenye vioo vikubwa, trebo, yaani sauti nyembamba za juu, ikitoka kwenye spika inagonga huku na kule mpaka inakurudia wewe. Hapo hata DAC ya mamilioni itachoma tu. Tandika zulia nene kati ya spika na kochi, weka pazia zito, geuza spika kidogo zisikuelekee usoni moja kwa moja, na kama besi ni nyembamba zisogeze karibu na ukuta wa nyuma. Angalia pia waya za spika, ukikuta moja imefungwa chanya kwenye hasi basi besi yako ndo imepotelea hapo.

Halafu jaribu bure. Kwenye kompyuta ya Windows kuna programu inaitwa Equalizer APO, haina malipo, shusha trebo desibeli 2 kuanzia hezi 4,000 kwenda juu, pandisha chini ya hezi 200 kwa desibeli 1 au 2, na punguza preamp, yaani kiwango cha sauti nzima, desibeli 2 sauti isije ikapasuka. Kaa nayo siku chache. Ukiipenda, sasa unajua unachotaka, na pengine hata huhitaji kununua kitu. Ukiona bado inachoma, tatizo ni spika au chumba, usitoe hela ya DAC kwanza.

Bado unataka? Haya tuingie ndani. CD ina sampuli, yaani vipimo vya sauti vilivyoandikwa kwa namba, 44,100 kwa sekunde, kazi ya DAC ni kuzigeuza zile namba ziwe umeme unaopanda na kushuka ili amplifaya iupokee. Simu yako inayo DAC tayari, TV inayo, laptopu inayo. Siku hizi kuzigeuza vizuri ni rahisi sana, ile adapta ndogo ya Apple ya USB-C ambayo Marekani inauzwa dola 9 inatoa sauti safi kabisa. Kwa hiyo DAC ikisikika laini kuliko nyingine maana yake mtengenezaji kafanya jambo fulani makusudi, na mara nyingi ni moja kati ya haya nitakayoyataja.

La kwanza na ndilo ninaloliamini zaidi ni trebo kushuka. Kuna DAC zinaitwa NOS, yaani haziongezi sampuli kabla ya kugeuza, na kwa hesabu yake ukizipa faili la 44,100 trebo inashuka yenyewe, hezi 10,000 inapungua chini ya desibeli 1, ikifika 20,000 imepungua kama desibeli 3. Ni kidogo ila wengi wanausikia mshuko huo kama utulivu. Sasa angalia, hii inatokea pale faili linapofika kama lilivyo, programu yako ikiwa inalipandisha mpaka 96,000 au zaidi ule mshuko karibu wote unapotea na unabaki unashangaa mbona DAC yako haina tofauti na nyingine. DAC za kawaida nazo nyingi zina menyu ya filta, tafuta ile inayoshuka polepole, imeandikwa slow roll-off, na kama menyu haipo soma kitabu chake maana wengine wanaificha kwenye kubonyeza kitufe kwa muda mrefu.

La pili ni valvu, ile taa ya kioo ya redio za zamani. Valvu ikiwekwa kwenye njia ya kutokea sauti inaongeza harmoniki, yaani sauti za juu zinazofuatana na noti yenyewe, hasa ya pili, na hiyo masikio yanaipokea kama unene, gitaa la solo na sauti ya mwimbaji vinajaa. Lakini kuna viboksi vya bei chee ambavyo valvu ipo kama pambo tu, chini yake wameweka taa ya LED ya rangi ya chungwa ionekane inawaka. Soma maelezo, kama hawasemi valvu inafanya kazi gani achana nayo.

La tatu ni R2R, ngazi ya rezista badala ya chipu moja ya kisasa. Denafrips Ares II ni ya hivi, na kwa mfuko mdogo kuna FiiO K11 R2R ya mwaka 2024, zote unaweza kuziweka NOS au la kwa kuchagua. Mi naona sehemu kubwa ya ule ulaini watu wanaousifia kwenye R2R ni ile NOS niliyoisema juu pamoja na saketi ya kutokea, ila uzuri wake ni kwamba unaichagua kwa kitufe na kulinganisha mwenyewe hapohapo.

Kuhusu majina ya chipu, zile habari za ESS ni kali, AKM ni laini, Burr-Brown ni tamu, usinunue kwa hizo. Saketi inayofuata baada ya chipu ina kazi kubwa kuliko jina lake. Tena kiwanda cha AKM kule Nobeoka Japani kiliungua Oktoba 2020 na watengenezaji kadhaa wakalazimika kubadili chipu, kwa hiyo sifa unayoisoma inaweza kuwa ya toleo la zamani na wewe unauziwa jipya.

Angalia na matundu ya nyuma. iFi Zen DAC inasifiwa sana kwa ulaini lakini inapokea USB tu, kama nia yako ni TV yenye optiko, yaani tundu la waya unaopitisha sauti kwa mwanga, haikufai. Ukitumia optiko ya TV ingia kwenye mipangilio ya sauti uweke PCM, yaani sauti ya kidijitali isiyobanwa, ukiacha Dolby unaweza kusikia kimya au mikwaruzo tu. Optiko ina faida nyingine, haipitishi umeme, mngurumo unaotoka kwenye kompyuta au king'amuzi unakatika. Ukinunua yenye transfoma ya ndani iliyotumika Japani kumbuka kwao ni volti 100, huku kwetu ni 230 au 240, ukiichomeka hivihivi imekufa.

Na dukani, iwe Kariakoo au Luthuli kule Nairobi, usikubali kulinganisha kwa kubadilisha waya tu. DAC nyingi za mezani zinatoa volti 2, ile adapta ya Apple ya soko la Marekani inatoa volti 1, tofauti ya desibeli 6, na kinachopiga juu siku zote kitasikika kimeshiba zaidi. Beba maltimita, piga toni ya hezi 100, weka maltimita kwenye volti za AC, pima kwenye nguzo za spika bila kuzigusanisha, punguza ile inayozidi mpaka zilingane kwa tofauti isiyozidi asilimia 1. Hapo mwambie mwenzako akubadilishie bila kukutajia ipi inapiga, sikiliza wimbo unaoujua vizuri, ule unaokuchoma nyumbani, rudia mara nyingi. Ukishindwa kuzitofautisha chukua ya bei ndogo, chenji iweke kwenye spika.